Faili la maswali ya USMLE kwenye kikundi chetu cha Lubumbashi: nani aliliruhusu?

Ndugu madaktari, pamoja na wadogo zetu ambao bado mko kwenye mafunzo hospitalini, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kwenye kikundi cha WhatsApp tulichokianzisha hapa Lubumbashi ili kujiandaa kwa USMLE, yaani mtihani wa leseni ya udaktari ya Marekani, mtu ametuma faili la maswali ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, yamekusanywa kutoka kwa watu waliotoka kwenye chumba cha mtihani hivi karibuni. Waliomshukuru ni wengi kuliko waliouliza yametoka wapi. Ilipofika jioni, mwingine alikuwa akiahidi sehemu ya pili kwa watakaolipa dola, na hakuna msimamizi hata mmoja aliyefungua mdomo.

Nimesoma utetezi wote uliotolewa. Tunaambiwa kwamba sisi tuliosomea udaktari kwa Kifaransa tunaingia kwenye mtihani wa Kiingereza tukiwa nyuma ya wenzetu, kwamba umeme unakatika usiku ule ule mtu anapotaka kusoma, na kwamba kukumbuka si kuiba. Mawili ya kwanza ni kweli tupu. La tatu ni uongo, na anayelisema hajasoma masharti aliyoyakubali yeye mwenyewe alipojiandikisha. Kanuni za USMLE zinahesabu kuwa utovu wa nidhamu kutafuta, kutoa au kupata maswali ya mtihani bila idhini, na vilevile kuyakariri ili kuyaandika upya nje. Kwa hiyo aliyeandika "nitumieni na mimi" amekwisha kuvunja kanuni kabla hata ya kufungua faili, na aliyelisambaza kwa moyo wa kusaidia yuko kwenye kosa lile lile na muuzaji.

Wengine wanadhani adhabu ni kurudia mtihani tu. Kamati ya USMLE ikithibitisha kosa, uamuzi unaingia kwenye rekodi ya mtahiniwa na unaweza kuonekana kwenye hati ya matokeo inayosomwa na hospitali anazoomba na bodi za majimbo zinazotoa leseni; FSMB, ambalo ni shirikisho la bodi hizo, huarifiwa; na mhusika anaweza kufungiwa mitihani inayofuata. ECFMG, shirika linalowathibitisha madaktari waliosomea nje ya Marekani, nayo inaweza kumnyima cheti, na bila cheti hicho daktari kama sisi haanzi mafunzo ya ubingwa huko. Hebu fikirieni mtu aliyeweka akiba kwa muda mrefu hadi akapata ada kubwa ya hatua moja ya mtihani, bila kuhesabu tiketi ya kwenda kufanyia mtihani Nairobi, halafu anaangushwa na faili alilotumiwa bure.

Kinachonikasirisha zaidi ni kwamba moto huu hauchagui. Tarehe 31 Januari 2024, waendeshaji wa USMLE walitangaza kubatilisha matokeo ya watahiniwa wanaohusishwa na Nepal, baada ya uchambuzi kuonyesha mwenendo wa majibu usio wa kawaida. Walioguswa walikuwa 832. Baadhi yao walikwenda mahakamani Washington wakidai kubaguliwa kwa sababu ya taifa lao, na mwezi uliofuata jaji akakataa ombi lao la dharura. Binafsi sipendi kuona taifa zima likiwekwa chini ya darubini namna ile, na nawaonea huruma waliokuwa wamesoma kwa haki, lakini kanuni ndivyo zilivyo: ili kubatilisha alama, waendeshaji hawahitaji kuthibitisha kwamba wewe binafsi ulidanganya, inatosha wawe na msingi wa kweli wa kutilia shaka kwamba alama hiyo inaonyesha uwezo wako. Watahiniwa wa Kongo ni wachache mno. Majibu yetu yakianza kufanana, makosa pia yakifanana, hatuna umati wa kujifichia.

Wala msiniambie kwamba bila faili hilo hakuna njia. Tovuti ya USMLE yenyewe inatoa maswali ya mazoezi kwa kila hatua bila malipo, na benki za maswali zinazouzwa kihalali zipo, ingawa bei yake ni kubwa na hilo nalo linastahili uzi wake. Kujadili ugonjwa, kuchambua kipimo, kuulizana kwa nini dawa fulani haifai kwa mjamzito, hayo yote yanaruhusiwa, na ndiyo yaliyotukutanisha tangu mwanzo. Hakuna anayeruhusiwa kusema "hili nililikuta jana kwenye skrini."

Wasimamizi, nawadai mambo yafuatayo: faili lifutwe, muuzaji aondolewe pamoja na namba yake ya pili ambayo sote tunaijua, na kila anayebaki aandike kwamba amesoma kanuni na anazikubali. Mkiona ni mengi, semeni hapa hadharani ili wanaotaka kujitoa wajitoe mapema. Likiwa bado lipo ifikapo Jumapili, nitaliripoti kwa USMLE. Wanapokea taarifa hata za wasiotaja majina, lakini mimi langu nitalitaja.