Besi kavu na besi ya filta: ukigeuza waya inatosha?

BesiKavu: Wakuu habari za jioni. Gita la besi nimeligawa njia mbili, moja kavu hadi miksa, nyingine inapita filta ya lopasi (inapitisha sauti za chini tu), rizista 10k kapasita 100n, inakata kama 159 Hz, halafu opampu ya kuipa nguvu. Kila njia peke yake tamu, nikizichanganya huku chini panakufa, inabaki mikwaruzo ya nyuzi tu. Mpiga kinanda wetu anasema ndo fezi hiyo, mawimbi yanapishana, kavu na filta hazichanganywi, chagua moja. Kweli?

Mzee wa Plasi: Geuza waya wa njia moja, plasi iwe mainasi. Kwisha kazi.

DadaOskilo: Hiyo ni polariti, inageuza masafa yote kwa mpigo. Fezi ya filta kila sauti na yake, kwa RC moja (rizista na kapasita) pale 159 signo imechelewa digrii 45, huko juu inasogelea 90 na haifiki, kwa hiyo na kavu haziuani. BesiKavu, opampu umeingilia pini ya mainasi, ile inayopindua signo? Kama ndiyo basi unafanya kavu TOA besi, lazima chini pafe. Ila kugeuzageuza waya waachie mafundi wa mtaani, wakikwama wanabahatisha.

Mzee wa Plasi: Mtaani ndo wapi dada? Spika za harusini kwenu nani alizifunga? Digrii zako 45 hazijawahi kubeba spika.

Chamtu: 😂😂 ila mzee jeki ya gita ukiigeuza unapeleka signo graundi, utapata mlio wa umeme tu

Mzee wa Plasi: Nimesema jeki mimi?? XLR, plagi ya pini tatu, pini 2 na 3, soma vizuri kijana.

NgaziNne: Dada "haziuani" umechemka. Filta ya ngazi ya sintesaiza za Moog ina hatua nne za RC, 45 mara nne ni 180, pale inapokata iko kinyume kabisa na kavu.

DadaOskilo: Pale pale imeshashuka hadi robo. Moja toa robo, robo tatu inabaki, hicho kishimo tu. Labda upandishe rezonansi, ile inayoinua sauti pale inapokata.

NgaziNne: Na nani anatumia Moog bila rezonansi jamani

Mzee wa Plasi: Kumbe na wasomi wanabahatisha.

BesiKavu: Nimefungua boksi, kweli iko pini ya mainasi. Niongeze opampu nyingine ya kugeuza?

DadaOskilo: Ndiyo, rizista mbili sawa, 10k na 10k, isiongeze wala kupunguza.

Mzee wa Plasi: KUGEUZA. Mimi nilisema nini?

DadaOskilo: Ulisema waya, hata hukuuliza boksi lina nini ndani.

Mzee wa Plasi: Mgonjwa akipona mnataka cheti cha mganga. Na hilo la mtaani bado hujaliomba radhi.

Chamtu: Dada omba radhi yaishe, nina spika ya kutengenezewa kwa mzee wiki hii 😂