Simu na Tableti za Wazee Wetu, Kayole

Mama Njeri: Habari za asubuhi wapendwa. Shosho wa ploti ya nyuma anataka tableti aone wajukuu kwa video. Duka limemwambia alipe 60 kila siku mwaka mzima. Tumshauri vipi?

Baba Otieno: Njema, Mama Njeri. 60 mara siku 365 ni 21,900! Inua Jamii, ile pesa ya serikali kwa wazee, ni 2,000 kwa mwezi, tableti pekee itakula 1,800. Na vifaa vya mkopo hufungwa malipo yakisimama. Asikubali.

Fundi Musa: Anunue iliyotumika, pesa taslimu. Kwanza angalieni kama ina mahali pa laini. Nyingi za bei ya chini ni za Wi-Fi tu, na kwa shosho hakuna Wi-Fi. RAM, yaani kumbukumbu ya kuendeshea programu, isipungue 2GB, ya 1GB hukwama ukiwasha video. Pigeni *#06#, itokee namba ya kifaa ya tarakimu 15, mtume kwa SMS kwenda 1555, mlinganishe aina ya kifaa kwenye jibu na kile kilicho mkononi. Halafu muuzaji aondoe akaunti yake ya Google, afute kila kitu kwenye tableti mbele yenu, muiwashe mpaka mwisho. Ikidai akaunti ya mwenyewe wa zamani, rudisheni hapo hapo.

Mama Njeri: Asante Fundi. Laini je? Mjukuu amesema atamsajilia kwa jina lake.

Dada Rehema: Hapana jamani! Hapo ndipo wazee wanapoumia. Laini ikipotea, shosho hawezi kuirudisha bila huyo mjukuu na kitambulisho chake, na M-PESA kwenye rekodi ni ya mjukuu. Aende mwenyewe na kitambulisho halisi. Baadaye apige *106# aone laini zote zilizo kwa jina lake. Ikiwa ni Safaricom, apige pia *100*100# ili wakala yeyote asiweze kumbadilishia laini kwa siri.

Baba Otieno: Bando la siku msimnunulie, linaisha kabla hajaligusa. *544#, achague lisiloisha muda. Na kwenye WhatsApp zimeni ile ya picha na video kujipakua zenyewe, maana zile za "asubuhi njema" ndizo humaliza bando.

Mama Njeri: Fundi, Jumamosi saa nne kwenye maduka ya vifaa ya Luthuli, mjini?

Fundi Musa: Sawa. Laini iwe imeshasajiliwa, tuitie ndani na kupiga simu ya video kabla ya kulipa.