Ukoo wa Mzee: Safari ya Taifa

IJUMAA

Da Mwana, 06:12
Asalaam alaikum ukoo. Narudia kwa mara ya tatu, maana jana mlisoma mkanyamaza. Simba Day, sikukuu ya klabu yetu ya Simba, mwaka huu Baba lazima awe uwanjani. Mwaka 2025 tulijipanga kwa fainali ya Afrika na Berkane ya Morocco, tukijua marudiano ni Uwanja wa Mkapa, Dar, yakapelekwa Amaan Zanzibar. Mzee akabaki kwenye kochi na jezi yake mwilini. Mimi ile picha haijanitoka. Mpango ni huu: treni ya umeme Moro hadi Dar, uwanjani siti za VIP kwa ajili ya magoti yake, kila nyumba 40,000. Mwisho Jumatano.

Da Mwana, 09:40
Tiki za bluu kumi na moja. Jibu hata moja hakuna.

Shemeji Rajabu, 09:58
Waalaikum salaam dada. Mimi wa Jangwani, mtu wa Yanga, nachangia katoni mbili za maji. Siku tuliyowafunga 5-1 niliona mnavyokaukiwa makoo 😂

Kaka Seif, 10:03
Shemeji, Julai 1977 ulikuwa wapi? Sita bila! Kibadeni peke yake tatu.

Shemeji Rajabu, 10:04
Na 1968 wewe ulikuwa wapi? Tano bila, bado mnaitwa Sunderland.

Da Mwana, 10:06
Jamani. Jumatano.

Zai wa Babu, 10:15
Shikamooni wote. Shangazi, Babu ana kliniki ya macho Jumatatu asubuhi inayofuata Simba Day. Nani atamrudisha Moro Jumapili?

Kaka Seif, 10:17
Mwambieni Shemeji kuhusu Mufulira kwanza! 1979, hapa Taifa tumepigwa nne bila na Wazambia. Watu wakasema basi, timu iende Lusaka kutalii. Baba alikuwa zamu ya mchana kiwandani. Akamwachia mwenzake mashine, akaenda kibanda cha mlinzi kusikiliza marudiano kwenye redio ya taifa, RTD. Bao la kwanza, la pili, la tatu. Kufika la tano mlinzi mwenyewe kaacha geti wazi! Baba alikatwa siku moja ya mshahara, na mpaka leo anasema hajawahi kununua kitu kwa bei nzuri kama ile.

Mwantumu, 10:25
🤣🤣 Ile ya siku moja ya mshahara anaisimulia kila Idi

Ba'mdogo, 10:31
Na Zamalek 2003 je? Mabingwa watetezi wa Afrika wale. Tumeshinda moja hapa, wao moja kwao Cairo, tumefika matuta na redio inakoroma, betri zimekwisha. Marehemu mama yenu akatoa za tochi. Kaseja anadaka, nyumba nzima giza, hakuna anayeuliza tochi iko wapi. Christopher Alex alipofunga ile ya mwisho kaka alitoka nje peku.

Shemeji Rajabu, 10:33
Hapo nakubali. Zamalek mliwafanya kitu kibaya. Hata sisi tulishangilia, kimyakimya.

Zai wa Babu, 10:50
Na kurudi Jumapili?

JUMAMOSI

Da Mwana, 07:20
Waliotoa: mimi, Ba'mdogo, Mwantumu (nusu). Shemeji, maji sio hela. Halafu kila mtu awe na N-Card yake, ile kadi ya kuingilia uwanjani. Tiketi za karatasi ziliisha zamani, msije kunililia getini.

Kaka Juma, 21:44
Nilikuwa barabarani, mtandao haushiki. Nimesoma yote. Wazo zuri sana. Mwana, kusanya hela unitumie mimi, niko Temeke hapa karibu na uwanja, nitashughulikia tiketi zote.

Kaka Seif, 21:47
Tiketi? Kwako?

Da Mwana, 21:47
Seif, tafadhali.

Kaka Seif, 21:49
Hapana, tuseme. 27 Novemba 1993, fainali ya Kombe la CAF na Stella ya Abidjan. Watu mnamkumbuka Mzee Mwinyi jukwaani na Mwameja golini. Mimi namkumbuka mdogo wetu Idi. Aliuza kuku wake wawili apate ile tiketi. Tumetoka suluhu Abidjan, nchi nzima inajua kombe linabaki. Aliyeingia nayo ni nani?

Kaka Juma, 21:55
Seif, nilikuwa na miaka kumi na tisa. Yangu ilidondoka kwenye msongamano. Nilimwambia nipishe kipindi cha kwanza, cha pili utaingia wewe. Nilivyotaka kutoka geti limefungwa. Nililia pale.

Kaka Seif, 21:57
Alikaa nje ya Shamba la Bibi, Taifa ile ya zamani, mpaka mwisho. Yale mabao mawili ya Boli Zozo aliyajua kwa uwanja kunyamaza. Aliniambia mwenyewe: "Kaka, watu elfu na elfu wakinyamaza, unasikia."

Mwantumu, 21:58
Baba hakuwahi kuniambia hii.

Shemeji Rajabu, 22:01
Jamani basi nitoe na 20,000 juu ya maji, tuyaache

Kaka Juma, 22:04
_Ujumbe huu umefutwa_

JUMAPILI

Zai wa Babu, 06:30
Shikamooni. Babu kanishikisha simu baada ya Alfajiri nimsomee yote. Kasema niandike hivihivi anavyosema, nisiongeze neno:

"Mwenye tiketi amelala makaburini Kola. Tulirudi naye usiku ule kwenye basi, alikaa katikati yangu na Juma, alilala begani kwa Juma mpaka Moro. Hakumdai. Ninyi mnamdai kwa idhini ya nani? Mwantumu mwanangu, baba yako alikuwa na moyo kuliko sisi wote tulioingia ndani.

Na mimi VIP sikai. Nimeanza kuitazama Simba nikiwa nimesimama. Nataka mzunguko, nisikie ngoma. Macho haya sasa yanaona rangi tu, sura hayaoni. Rangi yenyewe ni nyekundu, inanitosha."

Ba'mdogo, 06:58
Tumesikia kaka.

Mwantumu, 07:10
Ba'mkubwa Juma, nimalizie nusu yangu kwako au kwa Shangazi? Nitakaa karibu na wewe uwanjani.

Kaka Seif, 08:26
Baba, tumekuelewa.

Da Mwana, 08:30
Baba, mzunguko una ngazi nyingi na watu wanasimama dakika zote. Magoti yako nayajua mimi ninayeyakanda. Nitaulizia kama kuna sehemu ya chini yenye nafasi ya kiti, karibu na ngoma. Sijaahidi.
Hela zije kwangu. Tiketi Kaka Juma akanunue, na Seif aende naye. Wote wawili. Mmenisikia?

Kaka Seif, 08:41
👍

Da Mwana, 08:42
Juma?

Da Mwana, 13:15
Kaka Juma?

Shemeji Rajabu, 13:40
Nimetuma 20,000. Muamala umekubali ila jina limetokea la mtu mwingine, dada hebu angalia

Da Mwana, 13:42
Ya Rabi. Namba ipi umetuma??

Binamu Mbeya, 19:05
Nimeona sasa hivi, nilikuwa kazini. Ni Simba Day ya mwaka huu? Treni saa ngapi?

Zai wa Babu, 19:20
Babu anauliza Juma kajibu? Na kurudi Jumapili bado sijapata mtu.