Gofu: nifanyeje nisiwacheleweshe wenzangu?

Mwana_Shangani: Wakuu habari, nipo Mtwara huku, wiki ijayo naenda Dar na bosi kanialika gofu Lugalo. Mara ya mwisho nilitafuta mpira kwenye majani mpaka watu wa nyuma wakasimama mikono kiunoni, niliona aibu sana. Nifanyeje?

Korosho_Newala: Pole mkuu. Tangu 2019 kutafuta mpira ni dakika 3, zamani zilikuwa 5, zikiisha huo umepotea. Ukihisi umepotea waambie wenzako unapiga mpira wa akiba, yaani wa pili wa kutumia ule wa kwanza usipopatikana, hapohapo kabla hujaondoka, utajiokoa kurudi nyuma kwa miguu. Na fimbo chagua ukiwa unatembea, sio zamu ikifika ndo unaanza kupekua begi, kupiga kwenyewe sekunde 40 zinatosha.

Dada_Mikindani: Naongezea, mkiona mbele yenu kuna shimo zima (njia yote ya kuchezea mpaka kwenye kishimo chake) liko wazi, hakuna watu na nyuma watu wanasubiri, wapungieni mkono wapite. Mwenzio akijiandaa kupiga nyamaza, simu saileti. Halafu mchanga wa banka (lile bonde la mchanga uwanjani) usawazishe kwa reki jamani, mi hapo ndo naumia kweli, unakuta mpira wako umelala kwenye unyayo wa mtu.

Mwana_Shangani: Asanteni sana, la mpira wa akiba sikulijua kabisa, kumbe ndo lililonimaliza.