Nimeuziwa mashine ya espresso "bar 20", nimefichwa habari ya kisagio. Nimepigwa na kitu kizito!

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mnisamehe, ila nisipoandika leo nitapasuka.

Mimi niko Kigoma, Katubuka. Nilihamishiwa huku kikazi kutokea Dar mwaka juzi. Sikulilia foleni wala joto la kule, nililia kitu kimoja tu: late ya vanila (maziwa ya moto juu ya espresso, ile kahawa nzito inayokamuliwa kwa mashine) niliyokuwa najipongeza nayo kila Jumamosi. Nikasema basi, badala ya kulialia ninunue mashine nijitengenezee nyumbani. Nikampata muuzaji mmoja mtandaoni, anasema duka lake liko Kariakoo. Simtaji, mods (wasimamizi wa jukwaa) wasije wakanifungia uzi. Tangazo lake lilisema: "Espresso halisi kama ya Italia, bar 20, weka kahawa yoyote, bonyeza, kunywa." Hayo maneno "kahawa yoyote" myashike, ndiyo yaliyonimaliza.

Laki nne na themanini. Nauli ya mzigo kwenye basi juu yangu. Boksi limefika stendi limebonyea kona moja, nikasema si neno. Ndani mna mashine, vichujio viwili, na kidude cha plastiki chenye kitako bapa cha kushindilia kahawa. Basi.

Jioni hiyo hiyo nikafungua kahawa ya unga niliyonunua dukani Mwanga (ya kuchuja, siyo ile ya kukoroga, msinianze). Nikajaza kichujio, nikashindilia, nikafunga mpini unaoshika kichujio, nikabonyeza. Sekunde nane kikombe kimejaa. Nilihesabu. Maji ya rangi ya mkaa uliooshwa, juu limeelea povu kubwa kubwa kama la sabuni ya kufulia. Nimeonja. Maji ya moto yaliyopita karibu na kahawa yakasalimiana nayo tu.

Nikampigia. Sikilizeni jibu: "Dada yangu, huko Kigoma si mko milimani? Maji ya milimani hayachemki sawasawa, ndiyo maana."

Kaka yangu. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya bahari. Kwa mwinuko huo maji yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, na espresso yenyewe inatakiwa ipitiwe na maji ya nyuzi 90 hadi 96. Kwa hiyo hata ningekuwa nachemshia ufukweni Kibirizi kwenye mafiga, joto lipo na linabaki. Usinisingizie milima.

Nikaanza kusoma mwenyewe usiku, bando linakatika naunga. Ndipo nilipojua nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Bar ni kipimo cha mkandamizo, na hiyo "bar 20" ni nguvu ya juu kabisa ya pampu ikiwa imezibwa. Espresso inakamuliwa kwa bar 9 au karibu na hapo, na kinacholeta huo mkandamizo ni kahawa yenyewe kuwa laini na kushindiliwa mpaka maji yahangaike kupita. Gramu 18 za unga zikupe kama gramu 36 za kinywaji, kwa sekunde 25 mpaka 30. Mimi nane! Unga wa dukani umesagwa kwa ajili ya birika na chujio la kawaida, maji yanaupita kama mvua kwenye kokoto.

Na lile povu? Vichujio vyote viwili vina kuta mbili, chini kuna kitundu kimoja kama cha sindano. Kahawa ikilazimishwa kupita hapo inatoka na mapovu hata kama imelala miezi kwenye rafu. Povu la kweli, lile la rangi ya asali, linatokana na gesi iliyomo kwenye kahawa iliyokaangwa karibuni. Mimi nilikuwa napewa changa la macho kwenye kikombe changu mwenyewe.

Sikukata tamaa. Mwenzangu wa ofisini kwao ni Kalinzi, wana mibuni. Akaniletea kilo moja ambayo mama yake aliikaanga kwenye kikaango, arabika safi, harufu ikajaa korido nzima. Kisagio sina, nikachukua kinu na mchi. Nimetwanga, nimechekecha, nimetwanga tena, mkono umeota lengelenge. Kubonyeza: kimya. Sekunde ishirini hakuna kitu, mashine inanguruma kama bajaji mbovu. Halafu matone meusi mawili matatu, halafu pwaa! maji yamepasulia pembeni mwa mpini, meza nzima, na blauzi yangu nyeupe ya kazini. Kinu hakisagi sawa: kinakupa vumbi na vipande kwa pamoja, vumbi linaziba, maji yanatafuta upenyo mmoja yanakimbilia huko huko. Kikombe kile kilikuwa kichungu na kichachu kwa wakati mmoja. Nikajaribu blenda, yale yale.

Yupo mzee anayepita mtaani kwetu na birika lake juu ya jiko la mkaa, anauza kahawa chungu na kashata. Siku hiyo nilimwita aonje, nikimwambia hii ndiyo ya Italia. Kashika kikombe, kanusa, kapiga funda moja, kakirudisha taratibu.

"Mwanangu, hii umeipika au umenawia?"

Nilicheka mpaka machozi, kisha nikakumbuka laki nne na themanini, machozi yakawa ya kweli.

Haki itendeke, kibomba cha mvuke kinafanya kazi. Maziwa ya ng'ombe ya jirani, yakiwa ya baridi, unaweka ncha juu juu yavute hewa kidogo, unaizamisha, ukiona jagi halishikiki tena kwa kiganja unazima. Yakivuka nyuzi 70 utamu unapotea. Shira nachemsha mwenyewe: sukari kikombe, maji kikombe, iliki tano zilizopondwa, vanila natia nikishaepua. Tamu mno. Lakini late ni maziwa yaliyobeba espresso, na kama espresso haipo unakunywa maziwa matamu yenye tope. Hayo si ningeyapata bila mashine?

Sasa sikieni kilichonipandisha presha. Juzi nimempigia tena yule muuzaji, nimemweleza yote, unga, sekunde, kinu. Akatulia kidogo, akasema kwa sauti ya upole kabisa: "Kumbe huna kisagio? Ninavyo dada, vya mkono, vinasaga laini ya espresso. Laki tatu na nusu."

ANAVYO! Alikuwa navyo siku ile ile ananiambia weka kahawa yoyote! Angesema "dada, laki nane na thelathini, bila kisagio usianze", ningejipanga au ningeacha. Nikamwambia anirudishie hela yangu nimrudishie mashine yake. Akasema mzigo ukishatumika haurudi. Nikamwambia nina tangazo lako nimelihifadhi. Kaniblok.

Kabla hamjaanza: najua wapo watakaosema ungenunua kile kibirika cha Kiitaliano cha kuweka kwenye jiko. Kweli, hakikamui kwa bar 9, ni moja na ushee tu, ila angalau hakijidai. Na wale wa "kahawa ya nini, kunywa chai", endeleeni na chai yenu, sijawaita.

Ninachoomba: mwenye kisagio cha mkono cha uhakika, hata kilichotumika, Kigoma mjini, Ujiji au Kasulu, aandike hapa tukutane nikione kinasaga mbele yangu. Na kama kuna aliyewahi kupata vichujio vya ukuta mmoja vya milimita 51 aniambie alivipata wapi. Mashine siuzi.

Nyongeza: mdogo wangu kaingia kwenye ukurasa wa muuzaji kwa simu yake. Muuzaji katangaza tena leo asubuhi, picha ile ile, boksi lile lile. Ila sasa eti ni bar 25.