Rafu za chumbani: zinazoelea, za mabano au za kusimama?

KitabuKimoja: Wakuu, ukuta ni wa tofali lenye lipu, nafasi ni sentimita 90 kando ya kitanda. Zitakaa vitabu na nguo za kukunja, mbao ni MDF (ya unga wa mbao uliogandamizwa) ya milimita 18. Nichukue zipi?

Pimamaji: Kwa vitabu, mabano. Kilo 10 zikikaa sentimita 12 kutoka ukutani, bano lenye mguu wa ukutani wa sentimita 20 huvuta skrubu za juu kwa kilo 6 tu. Rafu inayoelea, ile isiyoonyesha mabano, ina bamba la sentimita 4 hivi nyuma, kwa hiyo mzigo uleule unavuta kwa kilo 30. Ndiyo maana huinamia mbele. Hiyo iwekee saa na chaja, basi.

Mabano yasikae nchani kabisa. Yaingize sentimita 20 kila upande, mbao haitafanya kitumbo.

FundiJioni: Sahihi. Wengi hukimbilia mbao nene, lakini kutoka milimita 18 hadi 25 kunapunguza kupinda mara 2.7 hivi, wakati kupunguza umbali kati ya mabano kutoka sentimita 90 hadi 60 kunapunguza mara 5.

Kosa kubwa liko kwenye lipu, maana haina nguvu ya kushika. Toboa kwa keke ya milimita 8, kina 75, toa vumbi lote, kisha sukuma plagi (kishikio cha plastiki cha skrubu) ya milimita 40 hadi izame ndani ya tofali. Skrubu iwe milimita 5 kwa 70. Plagi ikizunguka pamoja na skrubu, tundu limepanuka. Kwenye tofali lenye uwazi toboa bila kugonga, yaani zima nyundo ya mashine.

KonaSafi: Nguo zipelekeni kwenye ya kusimama, kina sentimita 35 hadi 40, na ifungwe ukutani kwa kona ya chuma hata kama inaonekana imetulia. Vitabu vinatosheka na 25.

Mpangilio: vizito chini, vitabu vichache vilale kama kitako cha kitu kidogo, na theluthi ya rafu ibaki wazi. Ukijaza yote, hata rafu nzuri inafanana na stoo.

KitabuKimoja: Na juu ya kichwa cha kitanda?

Pimamaji: Kina kisizidi 15, iwe na ukingo mbele, bila vioo wala vyungu. Kaa kitandani wima kwanza ndipo upime kimo. Na usitoboe wima juu au chini ya swichi na soketi, nyaya hupita humo.