Nataka marafiki wangu wale kwetu kama watu wengine, mnishauri

Mjukuu_wa_Ahero: Wadau nimekwama. Tunauza mitumba watatu meza moja pale soko la Kibuye miaka sita sasa, mimi Mkristo, mmoja Muislamu wa hapa Kisumu, mwingine Myahudi wa kutoka Mbale, Uganda. Jumapili kuna shughuli nyumbani Ahero na sitaki hawa wakae pembeni na soda. Nipike nini? Wajomba wameshanuna.

MamaTerry_Nakuru: Muislamu achinje ng'ombe basi! Kuku wa harusi yangu alichinja jirani Muislamu na mpaka leo Idi analeta biriani, Krismasi napeleka chapati, watoto wetu hata hawajui nani ni wa nyumba gani.

BinKaloleni: Mama hapo mimi nitakula ila Myahudi hatagusa, wana mchinjaji wao. Pika ngege, yaani sato. Samaki wa mapezi na magamba sote tunakula, sufuria iwe mpya, mumi (kambare) asionekane.

Msabato_Nyamira: Walawi 11 hiyo, hata sisi mumi hatuli. Lakini samaki hawanunishi wajomba. Sema yote.

Mjukuu_wa_Ahero: Ni mazishi ya baba. Yalipangwa Jumamosi nikayasogeza Jumapili, kwa sababu Myahudi hasafiri wala haendi mazishini siku ya Sabato. Mochari nimeshalipia siku ya ziada na sirudi nyuma.

Msabato_Nyamira: Bila kuuliza wazee? Hapo umekosea ndugu yangu.

JichoKali: Hii stori ni ya kutunga. Myahudi Kibuye?

BinKaloleni: Vuka mpaka wa Malaba ujionee. Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, wako Mbale tangu 1919, walianzishwa na Semei Kakungulu. Na hapa kwetu 1903 Waingereza walitaka kuwapa Wayahudi Uasin Gishu, wenyewe wakakataa kwenye mkutano wao Basel, Uswisi, 1905.

JichoKali: Kwani huyo amemfanyia nini baba yako?

Mjukuu_wa_Ahero: Alikesha naye wodini hospitalini kwa siku kumi na moja, mimi nikiwa sokoni natafuta pesa ya bili. Alikuwa anamnyoa ndevu. Usiku baba anasoma Zaburi ya 23 kwa Dholuo (Kijaluo), yeye anamfuata kwa Kiebrania, na mzee mmoja Muislamu kitanda cha pili akauliza, huyo si Nabii Daudi? Wakamwambia ndiye, akasogeza kiti.

MamaTerry_Nakuru: Pole sana mwanangu.

Mjukuu_wa_Ahero: Asante mama. Ngege nimeagiza ufukweni Dunga. Kama kuna mtu anajua kuongea na wazee wa Ahero aje inbox, naenda kwa wajomba leo jioni.